Maswali Yenu: Nyumba ya Buster Keaton Imewagawa

Toleo lililopita tuliwaomba mtafute One Week, kichekesho kifupi cha filamu kimya cha mwaka 1920 cha Mmarekani Buster Keaton, mkiangalie chote halafu mtuandikie. Na kweli mmeandika, wengine mmecheka mpaka mkarudia mara ya pili, wengine mmekasirika kabisa mnauliza kwanini tumewamalizia bando. Kwa ambaye hajakiona, kisa ndo hiki kwa kifupi: bwana na bibi wamefunga ndoa, wamepewa zawadi ya kiwanja na nyumba ya kuunganisha iliyokuja kwenye maboksi yenye namba, sasa kuna jamaa alikuwa anamtaka bibi harusi akakataliwa, anakuja kimyakimya anabadilisha zile namba, wenyewe hawajui wanajenga kwa kufuata namba walizozikuta na nyumba inatoka imepinda yote, mlango wa juu unafunguka hewani, kuta zimeegemea huku na huku. Ijumaa ya tarehe 13 wanaalika wageni, inakuja dhoruba, nyumba inaanza kuzunguka na watu ndani. Halafu wanaambiwa wamejenga kiwanja siyo, wahamishe nyumba ivuke reli. Mwisho wake tunauongelea huko chini kwa hiyo we ambaye hujaona kaangalie kwanza, ni kama dakika ishirini na kitu tu.

Barua ni nyingi, nimechagua hizi.

Msomaji, Morogoro: Niseme ukweli mhariri, mi nimeangalia dakika saba nikaacha. Mtu anaanguka anainuka, anaanguka tena anainuka tena. Stori iko wapi? Au mnaisifia kwa sababu ni ya zamani na ya Wazungu?

Kaka nashukuru umesema wazi. Uzamani peke yake sio sifa, vichekesho vibovu vya miaka ile vipo vingi na vingi ni hivohivo unavyosema, watu wanapigana mateke na kurushiana vitu bila sababu. Sasa naomba ufanye kitu kimoja, rudi pale anapotandika zulia. Hapo Keaton amevua koti kaliweka chini, kaanza kupigilia zulia kwa misumari kuzunguka chumba chote, amemaliza anatafuta koti halipo, anaona tu kuna kitu kimevimba katikati chini ya zulia. Mtu mwingine angeng'oa misumari. Yeye anachukua kisu anakata zulia palepale katikati, anatoa koti lake, sasa kuna shimo kwenye zulia jipya, anachukua kazulia kadogo anakaweka juu ya shimo, anavaa koti, anaendelea na maisha. Hakuna aliyeanguka hapo, hakuna aliyepigwa, na ni moja ya vipande vinavyonichekesha kuliko vyote kwenye filamu nzima kwa sababu unamuona mtu anafikiri, unayaona mawazo yake yanavyotembea hatua kwa hatua na kila hatua ina akili yake, ila zote zikijumlishwa zinaleta uharibifu.

Na ukiangalia zile za kuanguka ni hivohivo. Amekaa juu ya boriti iliyochomoza nje ya nyumba, anaikata kwa msumeno, na amekaa upande unaokatwa. Unajua kitakachotokea, yeye hajui, na anakata kwa bidii ya fundi anayejali kazi. Kuanguka kwenyewe ni sekunde moja, utamu uko kwenye kukata. Stori ipo kaka, ni watu wawili wanaojaribu kwa nguvu zao zote kuwa na nyumba, basi, na wiki nzima inawakatalia. Dakika saba ulizoangalia nyumba ilikuwa haijaanza hata kuzunguka, jipe nafasi nyingine.

Fundi ujenzi, Kahama: Habari za kazi. Naomba kujua, hizo nyumba za kwenye maboksi zilikuwepo kweli au ni utani wa filamu? Na ile nyumba iliyopinda ni nyumba kweli au wamepaka rangi kwenye makaratasi? Mi nimeziangalia zile kona, aliyejenga vile anajua kazi.

Fundi, swali lako limenifurahisha kuliko yote. Zilikuwepo na zilikuwa biashara kubwa. Kampuni ya Sears, Roebuck ya Marekani ilianza kuuza nyumba kwa katalogi mwaka 1908, unachagua ramani, unalipa, mbao zinakuja kwa treni na maelekezo yake, unaunganisha mwenyewe au unaita fundi. Na kampuni zilikuwa kadhaa, sio hiyo moja. Mwaka 1919 kampuni ya Ford nayo ikatoa filamu fupi ya mafunzo inaitwa Home Made, kuhusu hizohizo nyumba za kuunganisha, ndani yake kuna harusi, kuna gari la Ford, kuna karatasi za kalenda zinazochanwa siku hadi siku. Sasa Keaton akachukua vitu hivohivo, harusi, gari, kalenda, akauliza je namba zikichanganywa? Kwa hiyo watazamaji wa 1920 walikuwa wanaijua ile biashara, pengine jirani yao alikuwa na boksi uani.

Nyumba uliyoiona ni ya mbao kweli, ya ukubwa wa nyumba kweli, watu wanaingia wanatoka wanapanda juu. Fundi mkuu wa Keaton alikuwa Fred Gabourie, na huyu ndo mtu ambaye fundi mwenzio kama wewe unatakiwa umjue, alimjengea Keaton karibu kila kitu kilichomwangukia miaka ile. Ile nyumba waliijenga juu ya jukwaa linalozunguka, kwa hiyo pale kwenye dhoruba haizungushwi kwa ujanja wa kamera, inazunguka yenyewe, na Keaton anavyojaribu kurukia mlangoni mlango ukipita mbele yake, na kukosa, na kujaribu tena, ni mwili wake na nyumba tu. Umesema kweli kuhusu zile kona. Kujenga kitu kilichonyooka unahitaji timazi na pima maji, ila kujenga kilichopinda namna ile, kisimame, kibebe watu zaidi ya kumi wanaocheza ndani na kisidondoke mpaka dakika unayotaka wewe, hapo lazima uwe na hesabu za ziada. Kuna ukuta pale ambao unapinduka, Keaton alikuwa ameukalia nje upande wa juu na mkewe chini, unazunguka na wanabadilishana nafasi. Uangalie tena hapo taratibu, bawaba ziko wapi? Natamani utuandikie wewe ulivyoona.

Mwanafunzi, Dodoma: Kwanini watu wa muvi za zamani wanatembea harakaharaka hivo? Ndo walivyokuwa wanaigiza?

Hapana mdogo wangu, mara nyingi ni kosa la kuonyesha. Kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono, mpiga picha anazungusha mpini, kwa hiyo hakukuwa na spidi moja, wengi walikuwa kwenye picha 16 mpaka 20 na kidogo kwa sekunde. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabidi spidi iwe moja, picha 24, kwa sababu sauti ukiibadilisha spidi inaharibika. Sasa ukichukua filamu iliyopigwa kwa 18 ukaionyesha kwa 24 kila mtu anakimbia. Ndo maana One Week utaikuta nakala ina dakika 19 na nyingine 25, ni filamu ileile. Ila kuna jambo la kuongezea hapa, watu wa vichekesho walikuwa wanapunguza spidi ya kuzungusha kidogo kwa makusudi ili kitendo kiwe chepesi kikionyeshwa, kwa hiyo uharaka kidogo ni wao wenyewe waliutaka. Kama mtu anatembea kawaida na kuanguka kwake kuna uharaka wa kupendeza, hiyo nakala iko sawa. Kama hata bibi harusi akinyanyua mkono unaona unatetemeka, tafuta nakala nyingine.

Mama wa watoto watatu, Tanga: Asalaam aleikum. Niliwakalisha wanangu tuangalie, walicheka sana mpaka tulipofika yule dada yuko bafuni nikazima haraka. Mngetuonya. Na ningependa kujua kama zilizobaki za huyu bwana zinafaa watoto.

Waaleikum salaam mama, una haki, tulitakiwa kuonya na kuanzia sasa tutafanya hivo. Kilichotokea baada ya kuzima ni hivi: sabuni inamponyoka, inaanguka nje ya beseni la kuogea, anataka kuinyanyua, anatutazama sisi tunaoangalia, na hapo mkono wa mtu unatokea unaziba kamera mpaka anapomaliza. Haonekani mwili. Ila nakuelewa, mzazi hawezi kukaa anasubiri kuona mkono utatokea au hautatokea.

Kuhusu zilizobaki, hapa naomba wazazi wote wanisikilize. Keaton nampenda na nitaendelea kumpenda, ila filamu za Marekani za wakati ule nyingi zina vipande vya kudhalilisha watu weusi na zake zimo. The Play House ya 1921 ina ufundi wa ajabu, anaigiza yeye karibu watu wote ukumbini kwa wakati mmoja, wanamuziki, wachezaji, mpaka watazamaji, lakini ndani yake kuna onyesho lile la Wazungu kujipaka masizi usoni na kujifanya weusi, na Keaton mwenyewe kajipaka. Seven Chances ya 1925 nayo ina Mzungu aliyejipaka akiigiza mtumishi mweusi na anaoneshwa kama mtu mzito wa akili. Haikuwa jambo dogo wakati ule na sio jambo dogo leo, inauma zaidi ukiwa umekaa na mtoto wako mweusi anacheka halafu ghafla anaona kachekwa yeye. Usiwawekee watoto filamu ya zamani ambayo hujaiangalia mwenyewe mpaka mwisho. Wakiwa wakubwa kidogo waonyesheni na muongee nao.

Dada, Mombasa: Kila mtu Keaton Keaton. Na huyo bibi arusi je? Mbona hatajwi na kazi amefanya?

Dada yangu umenena. Anaitwa Sybil Seely, na kwangu mimi yeye ndo sababu One Week imekaa moyoni kuliko vichekesho vingi vya umri wake. Kwenye filamu fupi za wakati ule mke ni mtu wa kupiga mayowe, au ni wa kugombaniwa, au ni yule mkali wa kumkimbiza mumewe na mwiko. Huyu hapana. Anajenga. Nyumba inainuka na yeye yuko pale, anapika nje kwa sababu jiko halijawa tayari, anavuta kamba, anasukuma, na kuna mahali mume yuko kwenye matatizo yake huko juu yeye amesimama chini na brashi anachora mioyo miwili ukutani, ukuta wenyewe umepinda. Hawalaumiani. Angalia filamu yote, nyumba imepinda, inavuja, imewatupa wageni nje, na hakuna hata mara moja anamgeukia mumewe kumwambia nilikuambia. Wanatazamana, wanapata wazo lingine, wanaanza tena. Niliwahi kuangalia na watu wa ndoa ya miaka mingi wakawa wanashikana mikono, na hiyo ni filamu ya kuanguka na kugongana.

Seely alicheza na Keaton pia kwenye Convict 13, The Scarecrow, The Boat na The Frozen North. Kwenye The Boat ya 1921 ni mkewe tena, safari hii wana watoto na badala ya nyumba ni mashua, ukiipenda One Week nenda hapo moja kwa moja. Aliacha kuigiza mapema, na magazeti ya filamu yalimsahau haraka mno.

Kijana wa skiti, Nairobi: Niaje mhariri, mimi hutengeneza skiti za dakika moja na marafiki zangu. Nimeona hii nikashangaa, huyu mtu alikuwa anafanya stanti zake mwenyewe? Na nini naeza jifunza hapa juu siwezi kuanguka vile.

Poa sana ndugu, na nimefurahi umemaliza na hilo la kutokuweza kuanguka vile kwa sababu ndo jambo la kwanza nataka kusema. Usijaribu. Keaton alizaliwa 1895 Kansas kwenye familia ya wasanii wa jukwaani na akiwa mtoto mdogo kabisa tayari baba yake alikuwa anamrusha jukwaani mbele za watu, walimshonea mpaka mpini kwenye nguo ili arushike vizuri. New York watu wa kulinda watoto walifika mpaka kumzuia asipande jukwaani. Sisemi ilikuwa malezi mazuri, nasema alipoingia kwenye filamu 1917 kwa mchekeshaji Roscoe Arbuckle mwili wake ulikuwa umeshajua kuanguka kwa zaidi ya miaka kumi na tano. Na bado aliumia. Pale One Week anapofungua mlango wa bafu ghorofani, anatoka akidhani kuna chumba, anaanguka mpaka chini, hapo walichimba shimo uani wakalijaza majani makavu wakafunika na nyasi ili paonekane ardhi ya kawaida, na pamoja na hayo yote mikono ilimvimba, wakamkanda kwa maji moto na ya baridi na mafuta. Mtu aliyejiandaa vile alivimba, sasa wewe na jamaa yako na simu kwenye ngazi ya fleti, tafadhali.

Cha kujifunza kipo na ni kingi. Kwanza kamera yake anaiweka mbali, unauona mwili mzima na kitu kinachokuja kumgonga ndani ya fremu moja, hakati kati. Ukikata, mtu anajua umedanganya. Skiti nyingi za sasa zinakata kila sekunde mbili, sura, sura, sura, halafu sauti ya kicheko imewekwa juu, na mtazamaji hapewi nafasi ya kugundua mwenyewe. Pili, anakuonyesha hatari kabla mhusika hajaiona. Tatu, yeye na wenzake hawakuwa na skripti ya kuandikwa, walikuwa wanatafuta mwanzo na mwisho, wakishavipata katikati kunajipanga, alikuwa anasema hivo mara nyingi. Wewe na wenzako anzeni na mwisho, mkiupata mwisho mzuri msiuguse. Na uso, kwenye filamu zake mwenyewe hakuwa anacheka. Aligundua tangu utotoni jukwaani kwamba akicheka yeye watu wanacheka kidogo, akiwa makini wanacheka sana. Uso wake watu wanauita wa jiwe ila mi siukubali huo usemi, angalia macho yake pale anapopokea piano, yanasema kila kitu.

Piano yenyewe nimeitaja basi niimalizie. Jamaa mkubwa anaitwa Joe Roberts anakuja kaibeba piano begani utadhani mto wa kitanda, anamkabidhi Keaton, Keaton anapotelea chini yake. Sasa aiingizeje ndani? Anafunga kamba kwenye dari na kuivuta, ila dari inashuka badala ya piano kupanda, na huko juu kuna mtu, dari inavyorudi kwa nguvu yule mtu anarushwa kichwa kinatokeza juu ya paa. Hiyo yote bila neno. Chukua daftari uandike kila sababu inavyozaa nyingine, hiyo ndo shule yako.

Mzee mstaafu, Mwanza: Sisi tulikuwa tunamjua Charlie Chaplin. Huyu alikuwa anamuiga?

Shikamoo mzee wangu. Hapana hakumuiga, walikuwa wanajuana na Chaplin alimtangulia kwenye filamu kwa miaka mitatu hivi. Chaplin anataka umpende, anakusogelea, uso wake uko karibu na machozi yako yako karibu. Keaton hakuombi kitu, ana kazi ya kufanya na anaifanya, na adui yake mara nyingi ni mtambo au upepo au nyumba. Wengi mnasema Chaplin ana moyo zaidi, mi nasema moyo wa Keaton uko kwenye kutokata tamaa, haupigiwi muziki. Ukitaka kuwaona wawili pamoja uzeeni tafuta filamu ya Limelight ya 1952.

Msomaji, Kampala: Huku kwetu muvi bila DJ wa kutafsiri watu hawaoni raha. Hii ingewekewa DJ si ingekuwa bora? Na ule muziki wa piano ni wao waliuweka?

Muziki sio wao. 1920 filamu ilikuja kimya kwenye makopo, kila ukumbi ulikuwa na mpiga piano wake au ogani, mjini penye pesa kikundi kizima, na kila mmoja alipiga alivyoona inafaa. Muziki mnaousikia umewekwa miaka ya karibuni na nakala tofauti zina muziki tofauti, kama unakukera zima tu sauti hujapoteza kitu cha Keaton.

Na hilo la DJ wala sio geni. Japani enzi za filamu kimya walikuwa na wasimulizi wanaoitwa benshi, wanasimama pembeni ya pazia wanasimulia na kuwaigizia sauti wahusika wote, na watu walikuwa wanaenda ukumbini kwa ajili ya msimulizi kuliko mwigizaji, kama ambavyo wateja wenu wa vibandani wanaulizia DJ kwanza. Kwa hiyo DJ mzuri aisimulie, mi sina neno, pale kwenye sherehe wageni wanavyorushwa nje mmoja mmoja ningependa sana kumsikia. Ombi langu moja tu, kwenye reli anyamaze. Keaton alikuwa anajivunia kutumia maandishi machache kuliko wenzake, yale yanayotokea katikati ya picha kueleza kisa, alisema filamu ya kawaida ilikuwa na maandishi 240 hivi na yeye hakuwahi kuzidi 56. Mtu aliyebana maneno kiasi hicho alijua pale hayahitajiki.

Msomaji, Dar es Salaam: Ile treni iligonga nyumba kweli? Na kwanini nimecheka mpaka machozi wakati watu wamepoteza nyumba, najisikia vibaya.

Iligonga kweli, treni kweli na nyumba kweli, ila naomba tuangalie kilichotangulia maana ndo majibu ya swali lako la pili. Wanaivuta nyumba kwa gari, imewekwa juu ya mapipa, kamba inakatika, Keaton anaona bora apigilie siti ya gari kwenye nyumba kwa misumari, gari likiondoka linaondoka chini tu, siti na yeye wanabaki. Wanasukuma kwa mkono, nyumba inakwama katikati ya reli. Treni inaonekana inakuja. Wanasukuma, haiendi, wanasogea pembeni, wanaziba macho, na wewe umeziba yako. Treni inapita, kumbe iko kwenye reli ya jirani, nyumba haijaguswa. Wanafungua macho, unaona mabega yanashuka, wanapumua, na wewe umepumua umeegemea kiti, na hapohapo kutoka upande mwingine wa fremu inatokea treni nyingine inaipitia nyumba yote.

Kamera haijasogea. Ile nafasi ilikuwa wazi upande wa pili muda wote, treni ya pili ilikuwa na pa kutokea tangu mwanzo, ila ya kwanza ilikuwa imekuchukua macho. Ndo maana umecheka, hukucheka hasara yao, umecheka kwa sababu ulidanganyika pamoja nao, ulikuwa upande wao kabisa. Mtu anayefurahia mabaya ya wenzake asingepumua pale treni ya kwanza ilipopita. Na wao hawalii. Keaton anachukua kibao cha nyumba inauzwa, anakisimika kwenye mbao zilizovunjika, anaweka na karatasi ya maelekezo ya kujengea, anamshika mkewe mkono wanaondoka. Usijisikie vibaya.

Wengi wenu: Nakala nzuri tunaipata wapi?

Filamu ya 1920 hati miliki yake Marekani imeshaisha kwa hiyo ziko bure mtandaoni, hata Library of Congress, maktaba kuu ya Marekani, iliiingiza 2008 kwenye orodha yake ya filamu za kutunzwa. Ila bure sio zote sawa. Chagua iliyosafishwa, ambayo kalenda inasomeka tarehe na uso wa Sybil Seely una macho na sio doa jeupe. Zilizokatwa za dakika tatu nne ziacheni, zinachukua treni zinaacha mioyo ukutani. Na kuwa na nakala safi kabisa ya kitu cha miaka zaidi ya mia ni bahati, filamu za wakati ule zilikuwa za naitreti, aina ya plastiki ya zamani, zinaoza na zinashika moto kirahisi, na Library of Congress walipofanya hesabu 2013 walikuta karibu asilimia 70 ya filamu ndefu za kimya za Marekani zimepotea moja kwa moja.

Toleo lijalo tunaangalia The Boat, na nimeshaiangalia kwa ajili ya wazazi: ndani ya familia kuna watoto wawili wa kiume na kuna hatari nyingi za maji, haina cha kuzima. Fundi wa Kahama, nasubiri jibu la bawaba.